UZI: Tela la kulala la kuvutwa na Prado 2.7 – tulichague kwa uzito, ekseli na kiungo

#1 · Mpanda Vilima

Wakuu, naomba tulichambue hili la matela ya kulala kwa safari za ndani. Gari ni Prado TX ya petroli, injini 2TR ya 2.7, gia otomatiki. Watu wanne, wawili ni watoto wa shule ya msingi. Njia ni Dar–Morogoro–Iringa hadi Ruaha, kisha Mbeya–Sumbawanga–Katavi, wakati wa kiangazi. Matela yaliyopo mezani ni matatu:

A. Dogo la chuma, tupu kilo 550, hema linakaa juu ya kifuniko, jiko linavutwa kutoka nyuma. Halina breki.

B. La hema la kukunjua lenye sakafu ngumu, tupu kilo 1,050. Lina breki za kusukumwa (zinashika zenyewe tela likisukuma gari).

C. La kuta ngumu, kitanda na choo ndani, tupu kilo 1,750. Lina breki za umeme.

Wauzaji wote watatu wana jibu moja: "Prado inavuta tani tatu." Nataka la kuvutika kirahisi, lisilotugombanisha na barabara. Karibuni.

#2 · FundiEkseli

Mkuu, hiyo tani tatu iweke pembeni kwanza. Prado za toleo la 120 na la 150 zimepewa kati ya kilo 2,500 na 3,000 kutegemea injini na soko, tena kwa tela lenye breki zake. Lisilo na breki mwisho ni kilo 750. Na nyingi tulizonazo zimetoka Japani bila chuma cha kuvutia, kimefungwa hapa hapa. Ukomo wako ni namba ndogo kuliko zote katika mnyororo mzima: gari, chuma cha kuvutia, gololi (tufe la chuma nyuma ya gari), kikombe cha tela kinachoifunika gololi, ekseli na matairi. Chuma kilichochomelewa kwenye bampa hakina namba ya kuaminika. Kinatakiwa kishike chesisi pande zote mbili kwa boliti za daraja 8.8, M12 au zaidi, zenye nati za kujikaza.

Sasa uzito. Muuzaji anakutajia tela tupu, lakini barabarani hulivuti tupu. Chukua hilo A ulipakie:

Tela 550, pamoja na tairi ya akiba. Hema la juu na godoro 60. Maji lita 80, kilo 80. Friji na chakula chake 45. Betri moja ya AGM ya Ah 100, kilo 30. Mtungi mdogo wa gesi uliojaa 13. Petroli lita 40 na madumu yake 38. Jiko, meza, viti 35. Jeki, zana, kamba 25. Mizigo ya watu wanne 60.

Jumla 936. Yaani tela "dogo" tayari limevuka 750 na linahitaji breki. Kwa hesabu hiyo hiyo B linafika kama 1,380, na C lenye tangi kubwa la maji linapita 2,100.

2TR ina farasi 163 na torque ya Nm 246, haina tabo. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Iringa mjini ni kama mita 1,600. Ukiwa na C nyuma, gari na tela vinakaribia tani tano. Mlima wa Kitonga kabla ya Iringa utaupanda kwa gia ya kwanza na ya pili, joto la mafuta ya gia likipanda na foleni ikijipanga nyuma yako. C ni la dizeli yenye tabo. Kwangu mjadala umebaki A na B.

#3 · Dada Nyika

Naungana na FundiEkseli kuhusu C. Niongeze lililosahauliwa kila mara: uzito wa shingo, yaani kilo ambazo tela linakandamiza gololi. Hizo zinaingia kwenye mzigo wa gari, pamoja na abiria na mabegi.

Lenga asilimia 10 ya tela lililopakiwa; kati ya 8 na 12 ni salama. Kwa hilo A la kilo 936 ni kati ya 75 na 112. Ikipungua sana tela linaanza kucheza mkia ukifika 80 au lori likikupita. Ikizidi, pua ya Prado inainuka na usukani unakuwa mwepesi. Mfano: shingo ikiwa kilo 95, gololi ikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na umbali wa ekseli mbili za Prado ni mita 2.79, basi tairi za mbele zinapoteza kilo 41 na za nyuma zinaongezewa 136. Ndiyo maana springi za nyuma zilizochoka hujulikana siku ya kwanza ya kuvuta.

Ukinunua, angalia tangi la maji liko wapi. Linatakiwa juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Likiwa nyuma, kila lita inapunguza uzito wa shingo. Na lisilo na vizuizi ndani, likiwa nusu, maji yanapiga mbele na nyuma kila ukishika breki. Jaza au mwaga.

#4 · Kokoto

> *uzito wa shingo, yaani kilo ambazo tela linakandamiza gololi*

Dada, unapimwaje bila mizani ya gereji?

#5 · Dada Nyika

Kwa mizani ya kawaida ya kupimia watu, kaka. Tela liwe limepakiwa kamili, mahali pa tambarare, mawe mbele na nyuma ya tairi. Weka mizani chini ya kikombe, juu yake gogo la mbao lenye urefu wa kukifikisha kikombe kwenye kimo kile kile cha gololi. Kimo kikibadilika na jibu linabadilika. Pandisha gurudumu dogo la mbele hadi liache ardhi kabisa, kisha soma, ukitoa uzito wa gogo.

Mizani nyingi za watu huishia kilo 150. Kwa tela zito tumia ubao mgumu: ncha moja juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, sentimita 90 kati yake. Kikombe kikalie sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Soma mizani ikiwa na ubao na gogo pekee, kisha ikiwa na tela. Tofauti izidishe mara tatu.

Uzito wote wa tela upime kwenye mizani ya magari ya wanunuzi wa chuma chakavu au ghala la nafaka. Lipandishe tela peke yake, likiwa limefunguliwa kwenye gari.

#6 · FundiEkseli

Vizuri sana. Sasa chini ya tela, maana hapo ndipo safari inapokwamia.

*Tairi.* Prado yako ina boliti 6 kwenye duara la mm 139.7, tundu la kati mm 106, tairi 265/65R17. Tela liwe na habu za 6×139.7 na rimu zile zile, ili tairi za akiba ziwe mbili za kushirikiana. Hilux wana mpangilio huo huo. Mwenye Land Cruiser 100 au 200 atafute 5×150, mwenye RAV4 5×114.3. Usiishie kwenye boliti tu. Pima na upana, katikati ya tairi ya kushoto hadi katikati ya kulia. Prado ni karibu mita 1.58. Tela jembamba halifuati njia ya tairi za gari: kwenye mchanga linachimba njia yake na unavuta mara mbili, kwenye mitaro linalala upande.

*Springi.* Nakushauri springi za vyuma bapa vilivyopangana. Si laini kuliko zote, lakini ukivunjika ubapa mmoja Mpanda au Sumbawanga fundi anatoa wa Hilux anakata. Ekseli za raba, zile za bomba la pembe nne lenye raba ndani, ni nyepesi na laini barabara ya lami, ila raba ikichoka hakuna cha kurekebisha: unabadilisha ekseli nzima. Mikono huru yenye springi za mduara na shokapu ni bora kwa korogesheni (barabara ya matuta madogo mfululizo), mradi bushi zake zipatikane. Muulize muuzaji namba ya bushi. Akikosa kujibu, umeshapata jibu.

*Beringi.* Fungua kifuniko cha habu kabla ya kulipa. Namba zimechongwa kwenye beringi. Matela mengi mepesi ya Australia yana LM67048 kwa ndani na LM11949 kwa nje, au L68149 na LM12749. Hizi zipo pia kwenye magari madogo kwa hiyo maduka ya beringi wanazifahamu. Nunua seti moja kamili ya akiba: beringi mbili, vikombe vyake, sili na spliti pini.

Kuzifunga: sukuma grisi ya beringi ndani ya beringi kutoka upande mpana hadi itokee upande wa pili. Kupaka kwa nje hakutoshi. Kaza nati huku unazungusha habu hadi uone inakuwa nzito, legeza, kisha kaza kwa vidole tu na urudishe hadi tundu la pini lionekane. Spliti pini mpya kila mara. Ikikazwa na spana ikaachwa hivyo, beringi inachemka na kung'ang'ania ekseli. Ikilegea sana, tairi inacheza na sili inapasuka, na maji ya mto wa kwanza yanaingia.

#7 · Chuma Moto

Naongezea kwa anayetaka kuchomelesha la kwake Gerezani (Dar) au Kamukunji (Nairobi), na hata kwa anayekagua la kununua.

Tela linavunjika sehemu moja kuliko zote: pale shingo inapokutana na boriti ya mbele ya chesisi. Sababu ni mbili. Ya kwanza, shingo imeishia hapo hapo kwenye boriti badala ya kupita chini ya chesisi na kurudi nyuma hadi kwenye mshikio wa mbele wa springi. Ya pili, fundi kachomelea kwa kukatisha upande wa chini au juu wa shingo. Moto ule unalainisha chuma mstari mmoja ulionyooka, na ufa unaanza pale pale. Chomelea kwa urefu, ubavuni. Ukitaka kuimarisha, weka bamba la pembe ubavuni lenye ncha zilizochongoka, na ncha usizichomelee.

Kukagua: safisha kwa brashi ya waya sentimita 30 kila upande wa kiungo hicho, mwaga dizeli, futa, subiri dakika tano, kisha pakaa vumbi la chaki. Penye ufa dizeli inatoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Rangi mpya iliyopakwa sehemu hiyo tu ni sababu ya kuikwangua.

Kwa tela la tani moja: shingo ya bomba mm 100×50 lenye unene wa mm 3 au 4, ziwe mbili za umbo la V. Na usifupishe shingo ili liingie gereji. Gololi ikiwa mbali na ekseli ya tela, kurudi nyuma ni rahisi zaidi. Fupi linajikunja kabla hujageuza usukani vizuri.

#8 · Kokoto

Na kiungo chenyewe je? Naona matangazo ya viungo vya Australia vinavyozunguka pande zote.

#9 · Chuma Moto

DO35 na wenzake ni viungo vizuri mno kwa mitaro na makorongo, maana gololi ikifika mwisho wa kujipinda inaanza kuinua kikombe kwa nguvu. Tatizo ni sehemu za akiba, pamoja na ile pini yake ya upande wa gari: ikipotea Katavi, tela linabaki Katavi. Kwa njia aliyoitaja mwenye uzi, gololi ya mm 50 inatosha kabisa, hasa ikiwa kikombe kimewekwa kwenye shingo inayozunguka yenyewe.

Lakini soma namba zilizochongwa. Matela ya Afrika Kusini, Ulaya na Australia mengi ni mm 50. Ya Marekani ni inchi 2, yaani mm 50.8, au inchi 1⅞, yaani 47.6. Gololi ya 50 kwenye kikombe cha inchi 2 italia kila ukishika breki na kulika haraka. Gololi ya 47.6 kwenye kikombe cha 50 inatoka kwenye tuta la kwanza. Hapo hakuna mjadala, badilisha.

Minyororo miwili, ipishane kwa X chini ya shingo ili kikombe kikitoka kidondokee juu yake kisichimbe lami. Shakeli ziwe zimechongwa uzito wake.

#10 · Jua Kali Watts

Umeme, kwa ufupi kiasi.

Friji ya 12 V ya lita 45 kwenye joto la Ruaha inakula karibu Ah 40 kwa siku. Taa, pampu na simu, Ah 8. Betri ya AGM ya Ah 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una siku moja. Ya lithiamu fosfeti ya Ah 100 ina kilo 12 hivi badala ya 30 na unatumia Ah 80 bila wasiwasi. Paneli ya W 160, saa 5 za jua zuri, toa robo kwa hasara: Wh 600, sawa na Ah 47. Inakaribia kulipa matumizi ya siku. Ila usiegeshe tela chini ya mti. Chukua paneli ya kubeba na waya wa mita 8.

Kuchaji kutoka kwenye gari ndipo watu wanapokosea. Kutoka betri ya mbele hadi tela ni kama mita 7. Ampea 10 kwenye waya wa mm² 2.5 zinapoteza karibu V 1 njiani, na betri ya tela haijai hata ukiendesha kutwa. Kwa mm² 16 inapotea V 0.15. Weka huo, fyuzi ya A 40 karibu na kila betri, plagi ya kijivu ya A 50, na chaja ya DC kwa DC ya A 20 ndani ya tela. Chaja hiyo ni lazima kwa lithiamu.

Taa: plagi ya duara ya pini 7 ya mtindo wa Ulaya ina mpangilio huu. 1 njano, indiketa ya kushoto. 2 bluu, taa ya ukungu. 3 nyeupe, asi (waya wa kurudisha umeme). 4 kijani, indiketa ya kulia. 5 kahawia, taa ndogo ya kulia. 6 nyekundu, breki. 7 nyeusi, taa ndogo ya kushoto. Ukikanyaga breki ukaona indiketa nazo zinamulika hafifu, usibadilishe balbu. Ni asi, pini 3. Kwangua kutu pale waya mweupe ulipofungwa kwenye chesisi, au uvute waya wake kamili hadi kila taa.

#11 · Dada Nyika

Narudi kwenye A dhidi ya B. FundiEkseli anaelekea A, mimi bado naona watoto wawili. Hema la juu lenye upana wa mita 1.4 linalaza wakubwa wawili na mtoto mmoja kwa kubanana. Usiku mtoto akitaka kwenda haja kuna ngazi. B lina kitanda cha chini na nafasi ya kuvaa ukiwa umesimama.

#12 · FundiEkseli

Hoja ina uzito, dada. Ila tuhesabu na muda. A lenye hema la juu ni dakika 10 limesimama. B la sakafu ngumu, ukitaka na turubai la kivuli, ni nusu saa na zaidi, na kwenye safari ya kulala kila usiku mahali tofauti hiyo ni kazi ya kila jioni na kila asubuhi. Tena turubai likikunjwa na umande linaota ukungu. Kwa anayekaa kambi moja siku nne au tano, B bila kusita. Kwa njia hii ya kuhama, A pamoja na kile chumba cha turubai kinachoning'inia chini ya hema: watoto wanalala chini kwenye godoro, wazazi juu.

Breki kwa A: ekseli yenye breki za kusukumwa, na hakikisha zinajiachia zenyewe ukirudi nyuma. Za zamani hazina. Ukirudi nyuma mlimani zinakaba. Kumbuka pia kwamba kwenye mteremko mrefu kama Kitonga tela linasukuma gari muda wote, kwa hiyo breki zake zinabaki zimeshika na kuchemka. Shuka kwa gia ndogo tangu juu kabisa, na ushike breki kwa vipindi.

Likianza kuyumba: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki za gari kwa nguvu. Lenye breki za umeme, bonyeza breki za tela peke yake kwa mkono. Kisha simama utafute sababu: mzigo uliorudi nyuma ya ekseli, upepo mdogo kwenye tairi za nyuma za gari, au mwendo.

#13 · Msafiri wa Namanga

Habari zenu wana uzi. Kwa mwenye kuvuka mpaka, tela ni chombo kinachojitegemea. Kenya lina namba yake inayoanza na Z, Tanzania lina namba yake ya T tofauti na ya gari. Hakikisha namba hiyo imeandikwa kwenye bima na kwenye kadi ya njano ya COMESA (bima ya kuvuka mpaka), na namba ya chesisi iliyochongwa ilingane na kadi ya usajili. Matela mengi ya kuchomelesha hukwama hapo kwa sababu hayana namba ya chesisi kabisa.

Lingine: mawe. Kwenye barabara za kokoto, tairi za nyuma za gari hurusha mawe, yanagonga uso wa tela na kurudi kwenye kioo cha nyuma cha gari. Bamba tupu la chuma mbele ya tela linazidisha tatizo. Weka wavu ulioinamishwa wenye turubai nzito iliyolegea, ule unameza mshindo wa jiwe, linaanguka chini.

#14 · Mpanda Vilima

Asanteni mno, wakuu. Nimeelewa: A, niongeze ekseli yenye breki na habu za 6×139.7, lithiamu badala ya AGM, tangi lisogezwe mbele ya ekseli. Dada Nyika, chumba cha chini cha turubai nimekiweka kwenye bajeti. Swali la mwisho: upepo wa tairi za tela, na nitajuaje njiani kwamba beringi ina shida kabla haijaharibika?

#15 · FundiEkseli

Kwa tela la kilo 900 na tairi za 265/65R17, anza na PSI 32 kwenye lami, 26 kwenye korogesheni na mwendo usizidi 60, 18 kwenye mchanga kwa mwendo wa taratibu tu. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, pima tena baada ya saa moja ya lami. Ikipanda zaidi ya PSI 6, ulianza na upepo mdogo au umezidisha mzigo. Ongeza kesho yake asubuhi, usipunguze ikiwa ya moto.

Beringi: kila ukisimama, weka mgongo wa kiganja karibu na kifuniko cha habu, kisha kiguse. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha mkono hapo, linganisha na upande wa pili. Pande zote mbili zikiwa za moto baada ya mteremko, ni breki. Moja tu, inua tairi hiyo kwa jeki, achia breki ya mkono ya tela, izungushe ukisikiliza mkwaruzo, kisha ishike juu na chini uitikise. Ikigonga, fungua hapo hapo. Na nati za tairi zikaze upya baada ya kilomita 50 za kwanza na tena baada ya 100, kwa sababu rimu mpya kwenye habu mpya hulegea zikishakaa mahali pake.